Mkwe, Mbuzi na Mmea Nambari 614

Muchangi alikuwa na mafundo matatu. La kwanza la kamba ya katani, la pili la waya, la tatu la kipande cha mpira wa baiskeli, na yote matatu aliyafunga kwenye mlango wa kibanda cha wavu kila alipotoka, hata kama alikwenda tu kuchota maji hatua ishirini kutoka hapo. Watu wa Siakago waliopita njiani walimcheka na kumwuliza kama amefuga simba humo ndani. Yeye aliwajibu kwamba amefuga nyanya, kisha akaendelea kufunga.

Shamba lenyewe lilikuwa dogo, ekari mbili zilizozungushiwa seng'enge, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutafuta nyanya isiyonyauka. Yeyote aliyelima nyanya, kuanzia Mbeere hadi Tigania, anaujua huo mnyauko. Unalala shamba likiwa kijani, matunda yananing'inia, umeshampigia simu mnunuzi. Unaamka unakuta mimea imelegea kama nguo zilizoanikwa. Ukidhani ni kiu ukaimwagilia maji, ndiyo kwanza umeiharakisha kufa. Na ukikata shina ukalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, utaona uzi mweupe ukiteremka polepole kutoka pale ulipokata, mweupe kama maziwa. Huo ndio ugonjwa wenyewe, viini vinavyokaa udongoni miaka na miaka, na hakuna dawa ya kupulizia. Watu wengi waliacha nyanya wakarudi kwa ndengu na maharagwe, wakinung'unika.

Mwenye kazi alikuwa Daktari Nelius, mwanamke wa Embu mwenye miwani na viatu vya mpira, daktari wa mimea, ingawa wazee wa Siakago walikuwa wameshamwonyesha magoti yao mara nyingi wakitaka ushauri. Miaka minane nyuma alipata mbegu za nyanya mwitu kutoka milima ya ng'ambo ya bahari. Matunda yake yalikuwa madogo kuliko punje ya maharagwe ya njahi, na ukiyaonja unatema. Lakini mmea huo ungeupanda kwenye udongo mbovu kuliko wote, wenzake wakafa kulia na kushoto, wenyewe ukabaki umesimama. Nelius akauchanganya na nyanya kubwa wanayoipenda watu, mmea mtoto akauchanganya tena na nyanya kubwa, mjukuu vivyo hivyo, kizazi baada ya kizazi.

Shida ilikuwa kwamba mimea iliyostahimili ugonjwa ilizaa vitunda vya kuchekesha, na iliyozaa matunda ya maana ilinyauka. Nelius alimweleza Muchangi kwamba ndani ya mbegu, ile sehemu inayoleta ukinzani na ile inayoleta udogo zimekaa jirani, ukuta kwa ukuta, na kila mbegu inapozaliwa zinahama pamoja. Mara moja moja, kwa bahati tu, majirani hao huachana. Kazi ni kuzalisha miche mingi mno, halafu kuutafuta huo mmoja. Wala huhitaji kungoja uzae. Unakata kipande cha jani, kidogo kama kitufe cha shati, unakitia kwenye kichupa, kinapelekwa maabara ya Embu, na huko mashine na jeli na umeme vinatoa picha yenye mistari. Mstari fulani ukiwepo, ukinzani upo. Mstari mwingine ukiwepo, udogo nao upo.

Muchangi alilielewa jambo hilo kuliko hata wanafunzi wa chuo waliokuja na madaftari. Kwao Mbeere kila boma lina alama yake ya kukata kwenye sikio la mbuzi. Mbuzi akipotea, akichanganyika na mbuzi wa tarafa nzima, humwulizi rangi wala pembe. Unamshika sikio.

Kati ya miche elfu moja na mia moja, ulipatikana mmoja. Nelius alipiga simu kutoka Embu.

"Muchangi," akasema, "huyo wa mia sita na kumi na nne. Mstari wa ukinzani uko. Ule wa udogo hakuna. Mweke mahali pake."

Muchangi aliuhamishia mmea huo kwenye ndoo kubwa, akauweka pembeni kabisa mwa kibanda, peke yake. Ukakua, ukazaa matunda saba. Kila tunda alilivalisha kifuko cha wavu alichokishona mwenyewe kwa sindano ya mkewe, ili lisiguswe na mdudu wala ndege. Yakiiva, mbegu zake zingekuwa ndiyo nyanya iliyotafutwa miaka minane. Yasipoiva, basi tena, kwa sababu mradi ulikuwa umebakiza miezi sita na wafadhili walikuwa wameshaanza kuandika barua fupi fupi.

Sasa, jambo moja zaidi kumhusu Muchangi. Alikuwa mtu wa heshima kupita kiasi, hasa kwa mama mkwe wake. Huku mlimani heshima ya mkwe ni ya kila mtu. Huketi naye ovyo, humkodolei macho, humkatalii kitu, na ulichompa hakirudi. Lakini wenzake waliitekeleza kwa kiasi, wakacheka na wakwe zao na kupiga nao picha kwenye harusi. Yeye, katika miaka ishirini na miwili ya ndoa, hakuwahi kula chakula akimtazama mama wa mkewe Nkirote. Mama akiingia sebuleni, Muchangi alikumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe wa kuangalia, hata kwenye nyumba zisizo na ng'ombe. Nkirote alikuwa ameshachoka kumcheka.

Basi Alhamisi moja, kama saa nne asubuhi, matunda yote saba yakiwa yameshaiva, sauti ikasikika kwenye geti la shamba, ikimwita Muchangi kwa jina la mtoto wake.

"Hodi hapa. Baba Mwenda, mko salama?"

Alikuwa yeye, mama mkwe wake, Mama Kaimenyi mwenyewe, kutoka Muthara, na kiondo mkononi. Usoni alivaa miwani mipya inayong'aa.

"Tuko salama, Mama. Karibu sana," Muchangi akaliambia jiwe lililokuwa karibu na viatu vyake. "Wacha nimpigie Nkirote simu."

"Wacha, napitia tu. Nimetoka kwa daktari wa macho huko Embu. Dereva wa kanisa alikuwa na mzigo wa kuleta hapa Siakago, nikasema nikuone na hizi macho mpya." Akatazama huku na huku, akifurahia kila kitu. "Jumamosi tuko na wageni wa Kaimenyi, wazazi wa yule msichana anataka kuoa wanakuja kuona boma. Nasikia una nyanya. Unaweza kunipatia kidogo?"

Ndani ya kibanda, kando ya mlango, kulikuwa na mistari miwili ya nyanya za kawaida zilizopandwa kama ukingo, na hizo wafanyakazi waliruhusiwa kuzila. Muchangi alifungua mafundo yake matatu, akaelekeza mkono ndani bila kuinua macho.

"Chuma vile unataka, Mama," akasema, kisha akageuka na kwenda zake hadi kwenye tangi la maji.

Kwa nini aligeuka? Kwa sababu kumsimamia mkwe ukitazama anachotia kwenye kiondo ni kama kumhesabia, na Muchangi angekufa kwanza. Alisimama kwenye tangi akiosha ndoo iliyokuwa safi, mpaka aliposikia, "Asante, mwanangu." Kiondo kilikuwa kimefunikwa leso. Alikibeba hadi barabarani bila kukichungulia, akimfuata hatua tano nyuma, akangoja pale hadi gari la kanisa lilipoondoka, akapunga mkono hadi vumbi likatulia.

Mlango wa kibanda alikuwa amemwachia mama aufunge. Na mama aliufunga, kwa fundo moja la mtu asiyewajua mbuzi wa Mbeere.

Aliporudi aliwakuta watatu ndani. Nyanya za ukingo walizipita, wakaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya pembeni, maana ndoo hiyo ilimwagiliwa vizuri kuliko vyote na majani yake yalikuwa laini. Palibaki kishina cha urefu wa kidole. Mbuzi mmoja, beberu mwenye ndevu, alimtazama Muchangi kwa utulivu huku kibao cheupe kikining'inia mdomoni mwake. Kibao kilisomeka 614.

Alikaa chini. Halafu akaona kitu kilichomfanya ainuke. Juu ya udongo wa ndoo, vimepangwa vizuri kimoja juu ya kingine, kulikuwa na vifuko saba vya wavu. Mbuzi hapangi vifuko.

Alipiga simu Embu.

"Daktari, mia sita na kumi na nne ameliwa na mbuzi."

Nelius akauliza haraka: "Na matunda?"

"Matunda hayakuliwa na mbuzi."

"Asante Mungu. Yako wapi?"

"Yako njiani kwenda Muthara," Muchangi akasema, na ikambidi aeleze yote.

Jioni hiyo walikaa watatu kwenye meza ya jikoni kwa Muchangi: yeye, Daktari Nelius aliyekuja mbio kutoka Embu, na Nkirote, aliyekuwa akijitahidi asicheke kwa sababu ya macho mekundu ya daktari.

"Si mimi nimpigie tu," Nkirote akasema. "Ni mama yangu. Namwambia hizo nyanya ni za kazi, azirudishe."

"Hapana," Muchangi akasema.

"Kwani kuna nini?"

"Atajua ni mimi nimekutuma. Mtu hampi mkwe kitu leo, kesho anamwambia rudisha. Afadhali nilipe kwa njia ingine, hata niache kazi."

Nkirote alimgeukia Nelius akitafuta msaada. Lakini Nelius naye alikuwa ameolewa, na mama mkwe wake aliishi Runyenjes, na aliwahi kumwazima sufuria kubwa mwaka ambao mtoto wake wa kwanza alizaliwa. Mtoto huyo sasa yuko kidato cha pili na sufuria iko Runyenjes hadi leo. Akashusha pumzi.

"Tutaenda kama wageni," akasema. "Jumamosi. Tutasaidia jikoni."

Wakafika Muthara saa mbili asubuhi na pikapu ya shamba. Boma lilikuwa limefagiwa mpaka udongo ukang'aa, wanawake wa kanisa wameshika majiko, na Kaimenyi, ndugu yake Nkirote, akizunguka na shati jeupe bila kazi. Nkirote aliingia jikoni kwanza, akatoka uso umemwanguka. Kiondo kilikuwa kitupu ukutani. Mama alikuwa amenunua kreti nzima ya nyanya sokoni, na zote sasa zilikuwa kwenye karai moja kubwa, zimeoshwa, zimechanganyika, zaidi ya mia mbili, nyekundu zote.

"Huwezi kuzijua?" Muchangi akanong'ona.

"Kwa macho? Zinafanana na hizi zingine, si ndiyo tulikuwa tunataka," Nelius akasema kwa uchungu. Kisha akasimama wima. "Lakini zina alama. Mbegu yake yoyote, nikiipanda nikakata jani, itajisema yenyewe. Tunataka mbegu tu. Za nyanya zote."

Ndiyo sababu siku ile, mbele ya wanawake kumi na wawili, daktari wa sayansi ya mimea aliyevaa gauni lake la kitenge la harusi aliomba apewe nyanya zote azikate yeye, za kachumbari na za mchuzi. Na kila aliyoikata aliikamua mbegu zote kwanza ndani ya jagi, mpaka nyanya ikabaki ngozi na nyama.

"Huko Embu hamli mbegu?" mama mmoja akauliza.

"Zinasumbua tumbo," Nelius akasema bila kuinua uso.

"Woi. Na tumbo zenu ni ndogo hivyo?"

Walimcheka hadi machozi yakawatoka, Nkirote akiwa wa kwanza, huku naye akikamua. Jagi likajaa, likaja la pili. Babake msichana, mzee mnene wa kutoka Maua aliyejulikana kwa kukosoa vyakula vya watu, alikula kachumbari ile isiyo na mbegu, akaongeza nyingine, akasema hajawahi kukutana na kachumbari laini namna hiyo na kwamba boma hili lina ustaarabu. Mambo ya Kaimenyi yalikwenda vizuri kwa kiasi fulani kwa sababu hiyo.

Wakati wa kuondoka, Muchangi alikuwa akifunika majagi nyuma ya pikapu aliposikia hatua. Mama Kaimenyi alisimama hapo, miwani yake ikielekea moja kwa moja kwake.

"Baba Mwenda," akasema polepole, "kuna kitu umepoteza?"

Muchangi alitazama tairi. Maneno yote yalimjia hadi kwenye meno. Lakini miaka ishirini na miwili si mchezo.

"Hapana, Mama. Kila kitu kiko sawa."

"Haya. Safari njema," Mama akasema, akarudi ndani.

Zikafuata wiki tano za kazi ngumu. Mbegu zilichachushwa, zikaoshwa, zikasiwa kwenye trei, na miche ikatoka mingi kama nywele. Muchangi alikata vipande vya majani mpaka kidole gumba kikafanya sugu, kipande kimoja kila kichupa, nambari kila kichupa. Boksi la barafu lilienda Embu kila siku ya pili. Nelius alikuwa akiimba akiendesha gari. Alisema kwamba kwa hesabu yake, mmoja kati ya kila thelathini angekuwa mtoto wa 614, hata wakikosa bahati.

Picha za jeli zilirudi, moja baada ya nyingine. Mistari ya nyanya za sokoni, yote. Ule wa ukinzani haukuonekana hata mara moja. Picha ya mwisho Nelius alikuja nayo mwenyewe Siakago, akaketi juu ya kreti iliyopinduliwa, akaiweka magotini.

"Hazikuwa kwenye karai," akasema. "Pengine zililiwa njiani. Pengine alimpa mtu wa kanisa."

"Daktari, nitaandika barua ya kuacha kazi."

"Sitafuti mtu wa kufukuza, Muchangi. Natafuta nyanya." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, na Muchangi akaona kwamba analia kidogo, bila kelele, kama mtu aliyechoka tu.

Hapo Muchangi aliona aibu ya namna nyingine, kubwa kuliko ile aliyoizoea. "Aliniuliza," akasema.

"Nani?"

"Mama. Siku ile ya wageni. Aliniuliza kama nimepoteza kitu."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia kila kitu kiko sawa."

Nelius akachukua simu ya Muchangi kutoka mfuko wa shati lake na kumwekea mkononi.

Hakuwahi kumpigia mama mkwe wake simu. Nambari yake ilikuwa kwa Nkirote, ikabidi waitafute. Alisimama nje ya kibanda, kofia mkononi kana kwamba anaonekana, simu ikaita mara tatu.

"Mama, ni mimi. Muchangi."

"Nimengoja hii simu wiki tano," Mama Kaimenyi akasema. "Uliza."

"Zile nyanya, Mama. Ulizipika?"

"Kuzipika?" Sauti ilipanda kwa mshangao. "Mtu anapika kitu kama hicho? Siku ile niliingia hapo na macho mpya, nikaona mistari ya nyanya za kawaida, halafu nikaona ile ya kona, peke yake, kila tunda limevalishwa nguo. Nikasema, mkwe wangu ameniambia nichume vile nataka, kumbe ameniwekea hii. Nikavua hizo nguo pole pole, nikaziacha hapo. Jumapili nikawaambia watu wa kanisa. Nikawaambia, huyo mtu wa Mbeere mnasema hanipendi, anatoroka nikiingia, ona amenipatia nyanya alizozivalisha na mikono yake. Nilitoa mbegu, nikazipaka kwa karatasi na jivu, nikapanda nyuma ya jiko. Na ile Jumamosi niliona nyinyi mnatafuta kitu kwa karai. Ndiyo nikakuuliza."

Muchangi alielewa sasa kitu alichokishika. Angeweza kusema ndiyo, Mama, nilikuwekea wewe, na mambo yangeishia hapo kwa furaha. Mbegu zingepatikana kwa njia yoyote. Lakini mwanamke huyu alikuwa amengoja wiki tano kusikia ukweli, na ameshadanganywa mara moja kando ya tairi la pikapu.

"Sikukuwekea, Mama," akasema. "Zilikuwa za kazi. Ya miaka minane. Sikuona ukizichuma. Nilikuwa nimegeuka."

Huko Muthara jogoo aliwika.

"Miaka ishirini na miwili umegeuka," Mama Kaimenyi akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma. "Na ungekuwa umeangalia, ungenikataza?"

Muchangi alifunga macho. "Ningekukataza, Mama."

Sauti iliyofuata hakuitambua mara moja. Mama Kaimenyi alikuwa akicheka, akicheka hadi akakohoa, akamwita jirani aje asikie. "Hapo sasa," akasema alipopata pumzi, "hapo ndiyo umeongea kama mtoto wangu. Kuja. Uje uchukue. Lakini ujue hizo nyanya nilipewa, na zingine zinabaki hapa."

Walifika kesho yake. Nyuma ya jiko, kwenye vipakiti vya maziwa vilivyokatwa juu, kulikuwa na miche arobaini na miwili, shingo nene, majani ya kijani kibichi. Muchangi aliitazama kama mtu aliyeona mbuzi wake wakirudi wote. Nelius alichuchumaa mbele yake, akagusa jani moja moja. Kisha wakaitwa ndani kula, na kulikuwa na meza moja tu, na kiti kimoja tu kilichobaki, mkabala na cha mama. Muchangi alifikiria ng'ombe. Akaketi. Alikula mukimo wake wote wa viazi na mahindi akiwa ameinua uso, na masikio yalimwaka moto hadi chai ilipokuja.

Majani arobaini na mawili yalikwenda Embu. Thelathini na moja yalirudi na mstari wa ukinzani, na hakuna hata moja lenye mstari wa udogo. Nelius alipiga simu akapiga kelele kwenye sikio la Muchangi mpaka simu ikakwaruza. Miche ishirini yenye ukinzani ilihamia Siakago, nyuma ya mafundo manne sasa. Ile kumi na moja iliyobaki, kwa masharti ya Mama Kaimenyi ambayo hayakuwa na mjadala, ilibaki Muthara, kwenye kipande chake cha shamba kilichokuwa kimeua nyanya misimu mitatu mfululizo. Nelius alilalamika njia nzima ya kurudi, halafu karibu na Chuka akasema kwamba kwa kweli hakuna mahali pazuri zaidi pa kuijaribu.

Miezi mitatu baadaye mama aliwaita. Alikuwa amepanda mistari miwili, mmoja wa nyanya za sokoni na mmoja wa zile zake, ambazo kanisa zima lilizijua sasa kwa jina la nyanya zilizovaa nguo. Mstari wa sokoni ulikuwa umelala chini wote, umekauka. Ule wa pili ulisimama, na matunda yake yalikuwa yameinamisha vijiti.

Nelius hakutaka kushangilia mapema. Aliomba kisu na glasi mbili za maji. Alikata shina kwenye mstari uliokufa, akalitumbukiza, na baada ya dakika moja uzi mweupe ukaanza kuteremka. Kisha akamwomba mama ruhusa, akakata tawi moja la mmea uliosimama, akalitia kwenye glasi ya pili, akaiweka juu ya kigoda.

Muchangi aliinama kutazama. Mama Kaimenyi naye akainama upande wa pili, akaisukuma miwani juu ya pua, na paji la uso wake likagonga la mkwewe. Hakuna aliyerudi nyuma. Walibaki hivyo dakika nzima, halafu ya pili, wakitazamana kupitia glasi, na maji yakabaki maji.